Maziwa ya Kung'oa Mkuki

Kwa miaka kumi na saba ya ndoa yangu, kila safari niliyosafiri ilianza na karatasi yenye jina la mume wangu. Jeshi la Marekani likiandika Texas, tunakwenda Texas. Likiandika Ujerumani, tunafunga mizigo tunakwenda Ujerumani. Ubalozi wa Gaborone ulipohitaji sajenti, tulikwenda wote, ingawa mimi kwenye karatasi nilikuwa mstari mmoja tu chini kabisa, mimi na watoto, tumeandikwa wategemezi. Kwa hiyo msinicheke nikisema kwamba asubuhi ile ya Julai, nilipowasha gari langu kwa safari ambayo hakuna mkubwa yeyote aliyeitia saini, nilikuwa na furaha ya mtoto wa sikukuu. Nilianza kuimba hata sijafunga mkanda.

Sababu ya safari ilikuwa binti yangu Aline. Ana miaka kumi na sita na amesoma shule saba. Karatasi mpya ilipokuja, ikisema ubalozi wa Maputo, aliweka uma mezani akatuambia kwa Kiingereza, bila kulia, kwamba shule ya nane haendi. Anataka kumaliza miaka yake miwili iliyobaki akiwa Buffalo, kwa bibi yake, mama yangu mzazi. Baba yake alinitazama. Nami niliyatazama maharage. Mwishowe mume wangu akasema kama Bibi atakubali, yeye hana neno, kisha akaondoka kwenda kwenye kozi yake na kuniachia shughuli, kama kawaida ya jeshi.

Nilimpigia Mama. Mama ni Mrundi, mjane, aliyetulea kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma hadi tulipoletwa Marekani. Akasema, "Njoo kwanza. Nikishaona utakavyoondoka, nitakujibu." Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Nilichosikia mimi ni "njoo", na kesho yake nikaandika orodha ya safari.

Louisville, Jumatano, saa kumi na nusu alfajiri. Nyumba ya kambi ya jeshi tulikuwa tumekwisha kuirudisha, na masanduku yetu yalikuwa yamechukuliwa, yenye karatasi nyekundu yaende kwa meli, yenye buluu kwa ndege. Tulikuwa tumefikia Shively, pembeni mwa Louisville, kwa shangazi ya mume wangu, Shangazi Esperansi, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, anayefunga vifurushi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege.

Niwaeleze utaratibu wangu, maana niliuonea fahari sana. Mimi ninapoondoka kwa watu huaga jana yake, kwa maneno machache. Alfajiri natandua shuka, nazikunja, nafagia chumba, nabeba watoto wakiwa nusu usingizini, na jua likichomoza tuko mbali. Hakuna kilio, hakuna kushikana mashati mlangoni. Wake za wanajeshi wengine waliniuliza siri ya watoto wangu kutolia, nikawafundisha. Nilijiona mwalimu kabisa.

Basi nilishuka ngazi kwa ncha za vidole, viatu mkononi, Joshua wangu wa miaka tisa begani, na Aline nyuma na mabegi. Jikoni taa ilikuwa inawaka. Shangazi Esperansi ameketi na sare yake ya kazi, birika mbele yake.

"Weye unatokaka je sawa mwizi?" akasema. "Ikala. Chai iko tayari."

Nilimwambia tutarudi Jumatatu, si safari ya kuagana. Alimimina tu, maziwa mengi, na kutukalisha. Mimi niliangalia saa, yeye aliniangalia mimi.

"Bon, mimi nakujua, siwezi kukasirika. Lakini ule mama yako wa Buffalo, nasikia angali anailia ile asubui."

Nikamuuliza asubuhi gani. Akasema niende tu, mwenyewe ataniambia. Kisha akavaa kandambili zake na kututembeza hadi kwenye kona ya mtaa, yeye kwa miguu, mimi kwenye gari kwa mwendo wa konokono, dirisha wazi, nikiungua kwa kutaka kuondoka. Alipogonga bati la gari kwa kiganja kuashiria twende, nilikanyaga mafuta kwa shukrani.

Saa moja asubuhi tulikuwa kwenye barabara kuu ya 71, mto Ohio ukionekana na kupotea upande wa kushoto. Jamani, nani aliwahi kuniambia kwamba kuendesha gari ni raha namna hii? Miaka yote nimekuwa abiria, nimeshika mtoto, nimeshika pasi za kusafiria. Sasa nilipita malori marefu kama treni na kuyapungia mkono. Cincinnati ilitokea ghafla kwenye vilima, na nilipiga kelele hadi Joshua akaamka kuuliza nini kimetokea. Hakuna kilichotokea, mama yake alikuwa amefurahi. Baada ya hapo ikawa ni mahindi, mahindi, mahindi, na mimi nikayasifu yote.

Aline alivua vipokea sauti vyake mahali fulani katikati ya mahindi hayo. Aliniuliza itakuwaje Bibi akikataa. Nikamwambia Bibi hawezi kukataa. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyehamishwa mara saba kwa maneno kama hayo, akavirudisha masikioni. Hapo furaha yangu ilipungua kidogo, lazima nikiri.

Columbus, saa sita mchana. Tulifika kwa rafiki yangu Njeri, Mkenya, ambaye mumewe na wangu walikuwa ubalozi mmoja kule Gaborone. Siku hizi mume wake ameacha jeshi na yeye anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Alikuwa amepika pilau ya kulisha kikosi. Tulicheka hadi mbavu zikauma, tukikumbuka tafrija za balozi, jinsi tulivyokuwa tukisimama kwa saa tatu nzima na viatu virefu tukishika glasi moja ya juisi, na siku Joshua alipolala chini ya meza yenye bendera.

Jioni watoto walipokwenda uani, Njeri akaacha kucheka. Akaniambia jambo alilokuwa nalo moyoni miaka minne. Siku tuliyohama Gaborone, watoto wake walitutengenezea kadi kubwa yenye picha zetu zote. Waliileta saa moja asubuhi. Wakakuta mlinzi anafunga geti la nyumba tupu.

"Nilikuwa na hasira, weh. Six months. Nikadhani nimekukosea kitu, nikajipekua, nikakosa."

Sikujua. Kweli tupu, sikujua. Nikajitetea kwa kumweleza kitu ambacho sijawaeleza wengi. Nilipokuwa na miaka kumi, mabasi yalikuja kambini kuchukua familia za kwanza zilizopata kwenda ng'ambo. Rafiki yangu wa damu alikuwa kwenye basi la pili. Kambi nzima ilitoka kuwasindikiza. Wanawake walipiga yowe, watu walikimbia kando ya mabasi katika vumbi jekundu, wakipigapiga vioo, na mama yangu alikuwa mbele yao wote, kilemba kimeanguka. Mimi nilijificha nyuma ya bomba la maji nikaziba masikio. Siku ile niliapa kwamba watoto wangu hawataona kitu kama kile. Njeri alinisikiliza, akanishika mkono, akasema ananielewa lakini bado anaitaka asubuhi yake ya kuagana.

Alhamisi alfajiri, Columbus. Mazoea yana taabu. Saa kumi na moja nilikuwa nimekwisha kutandua shuka na kushusha mabegi. Nikatoka nje na kukuta gari la mume wa Njeri limeegeshwa nyuma ya langu, pua kwa mkia, hawezi kupita hata paka. Njeri alikuwa amesimama barazani na kanga, anatabasamu. Tulikunywa chai saa mbili. Kisha alitusindikiza na gari lake hadi kituo cha mafuta, akashuka, akamkumbatia kila mtu kwa zamu, na kumpa Joshua ile kadi ya Gaborone, ambayo alikuwa ameihifadhi.

Saa saba mchana, baada ya Cleveland, ziwa. Nilikuwa nimesahau kwamba Erie ni kubwa hivyo. Joshua aliuliza kama ni bahari, nikamwambia ni maji yasiyo na chumvi, kama Ziwa Tanganyika, na nikasimamisha gari ili tu tuyaone. Upepo ulikuwa na harufu ya samaki. Mama alipoliona ziwa hili mara ya kwanza, mwaka tuliofika, aliniuliza Kigoma iko upande gani wa ng'ambo. Tuliendelea, mashamba ya zabibu yakianza pande zote mbili za barabara, mistari imenyooka, na furaha yangu ikarudi yote. Hata Aline aliimba ubeti mmoja.

Buffalo, saa kumi jioni. Nyumba ya Mama iko East Side, nyumba ya mbao ya ghorofa moja yenye baraza mbele, na kando yake kiwanja kitupu alichokigeuza shamba: lengalenga, ule mchicha wa kwetu, maharage, mahindi yanayonizidi kimo. Alikuwa ameinama katikati ya lengalenga. Alimkumbatia Joshua mpaka akamwinua. Alimshika Aline mashavu kwa viganja vyote viwili na kumtazama muda mrefu. Mimi alinipa mkono. Mkono, jamani, kama mimi ni mtu wa sensa.

Kaka yangu Samweli, ambaye anaishi naye na hufanya kazi kiwandani Tonawanda, alirudi akiwa na vumbi la kazi na kutuchangamsha. Tulikula ugali na ndagala, dagaa wa kwetu. Usiku ukapita. Ijumaa Aline aliamka mapema na kwenda kuvuna lengalenga na bibi yake bila kuitwa, yeye ambaye kwangu huamshwa mara tatu. Jioni alikwenda mazoezi ya kwaya akarudi na majina ya wasichana sita. Nilimwona ananing'iniza begi lake kwenye msumari mmoja, kila siku msumari uleule. Katika nyumba zetu hakuna aliyewahi kuwa na msumari wake.

Jibu, hata hivyo, halikuja. Jumamosi mchana nilishindwa kuvumilia. Mama alikuwa barazani anachambua maharage, nikaketi chini karibu naye, nikamuuliza waziwazi: je, atakaa na mtoto au hatakaa?

Hakuacha kuchambua. Akaniuliza kama ninakumbuka nilivyoondoka mara ya mwisho, miaka mitatu iliyopita. Nikasema niliondoka mapema, ili nisimsumbue.

"Niliamka kukuchemshia maziwa," akasema. "Nilikuwa nimewaambia akina mama wa kanisa waje saa mbili tukusindikize. Nikaingia chumbani kwako. Shuka zimekunjwa, godoro tupu, sakafu imefagiliwa. Unajua chumba hufanywa hivyo lini? Akifa mtu."

Nikamweleza yale ya mabasi, nikiwa na haraka ya kujisafisha. Nikamwambia yeye mwenyewe ndiye niliyemwona analia kilemba chini, na kwamba nilikuwa nawakinga watoto.

Aliweka ungo pembeni. "Ulikuwa mdogo, ukaona kilio tu. Wale tuliowasindikiza mpaka kwenye basi, wote ninajua walipo. Huyu yuko Kanada, huyu yuko Ohio, wananipigia. Lakini wapo walioondoka kambini alfajiri bila kuaga mtu. Wale sijui hata kama wako hai. Wewe ulinifanyia kama wale. Miezi mitatu nilikuota umekufa."

Niliuvuta ule ungo kwangu. Nikaanza kuyachambua yale maharage mimi.

"Sasa unaniletea mtoto," akaendelea, taratibu. "Mimi namtaka, usiniulize tena kama namtaka. Lakini ukimwacha akilala, ukatoroka, nitakuwa nalea mtoto aliyetupwa. Ukimkabidhi mchana, watu wakiona, nitalea mtoto aliyekabidhiwa. Hao ni watoto wawili tofauti. Nataka kujua unaniachia yupi."

Niliona aibu, na nasema aibu bila kuipamba. Nilikuwa nimewafundisha wake za wanajeshi wa mabara matatu kuwaumiza wenyeji wao.

Jumatatu, saa kumi alfajiri. Mwili wangu uliamka wenyewe, kama saa ya jeshi. Kabla sijafikiri nilikuwa nimetandua shuka la kwanza. Funguo za gari zilikuwa mkononi. Mlango wa chumba cha Aline ulikuwa wazi kidogo, niliona nywele zake juu ya mto, na nilijua kabisa, nilijua kama ninavyojua jina langu, kwamba nikiondoka sasa hivi haitauma sana. Nilisimama pale muda mrefu. Kisha nikarudi, nikatandika lile shuka, nikalala juu yake na viatu vyangu hadi nikasikia sufuria za Mama jikoni.

Saa tatu asubuhi nyumba ilikuwa imejaa. Akina mama wa kanisa walikuja wanane, na vitenge, mmoja ametoka zamu ya usiku na bado ana kitambulisho cha kazi shingoni. Mama alileta maziwa ya moto kwenye kikombe cha bati tulichotoka nacho kambini, chenye kovu jeusi mdomoni. Joshua akauliza kwa nini kikombe kimoja kwa watu wawili, na Mama akamweleza. Zamani mgeni alipofika, alichomeka mkuki wake nje ya mlango. Siku ya kuondoka, kabla hajaung'oa, mwenyeji alimpa kinywaji cha mwisho. Wengine walitoa pombe. Sisi watu wa kanisa tunatoa maziwa. Asiyekinywa, mkuki wake bado umechomekwa, na mwenye nyumba hawezi kulala vizuri akijua upo nje. Joshua alichungulia mlangoni kuutafuta. Tulikunywa kwa zamu, mimi wa mwisho, na Mama alihakikisha kikombe ni kikavu.

Samweli alilitanguliza gari hadi kwenye kona iliyo karibu na kanisa. Sisi tukatembea. Mitaa mitatu tu, lakini tuliitembea kama maili tatu, hatua fupifupi, akina mama wakiimba kwa sauti ya chini, jirani Mmarekani akizima mashine yake ya kukata nyasi ili tupite. Aline alibeba mkoba wangu. Nilikuwa nalia tangu kwenye ngazi za baraza, nalia wazi, sikujifuta. Nilikuwa nimeogopa kitu hiki tangu nikiwa na miaka kumi, na sasa nilikuwa katikati yake, na ajabu ni kwamba miguu yangu ilikuwa inatembea. Katikati ya machozi nilikuwa na furaha kubwa kuliko ile ya Cincinnati. Sielewi hata sasa.

Kwenye kona akina mama walituombea. Mama alinishika mashavu, kwa viganja vyote viwili. "Nimekujibu," akasema. "Nenda na amani." Nikamshika Aline mkono, nikauweka kwenye mkono wa bibi yake, mbele ya watu wote wale, nikasema: "Mama, ninakukabidhi mtoto wangu."

Aline alinirudishia mkoba. Huyu ni mtoto ambaye nikimsalimu kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza tangu akiwa darasa la pili. Alinikumbatia, akajiondoa, akasimama upande wa bibi yake.

"Mama, nimekufikisha," akasema. "Sasa narudi nyumbani."

Neno hilo la mwisho lilinichoma na kunifurahisha kwa wakati mmoja. Katika utaratibu wangu wa zamani, kioo cha nyuma hakiangaliwi. Niliangalia. Walisimama pale mpaka nilipokata kona, na wa mwisho niliyemwona alikuwa Aline, mkono juu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuondoka. Siku ile alikuwa mmoja wa wanaobaki na kuwasindikiza wengine.

Kurudi hakukuwa na mengi. Joshua aliketi kiti cha mbele, cheo kipya, akanisomea vibao vya barabara hadi akalala. Karibu na Columbus simu ililia, Mama anauliza tumefika wapi. Ililia tena Cincinnati. Baada ya safari ile ya miaka mitatu nyuma hakupiga hata mara moja, na mimi nilikuwa nimedhani ni uzee. Milima haikutani, binadamu hukutana, ndivyo tunavyosema, lakini nimejifunza kwamba wanaokutana tena vizuri ni wale walioagana vizuri. Karatasi ya jeshi inaweza kuniambia siku ya kuondoka. Haijawahi kuniambia niondoke namna gani. Hilo nilijiandikia mwenyewe, na nilikosea.

Shively, siku ya ndege ya Maputo. Niliamka saa kumi alfajiri, kama kawaida yangu. Nilimwamsha Joshua, nikashusha mabegi, nikawasha taa ya jikoni. Nikachemsha maziwa, nikapanga vikombe. Kisha niliketi mezani, viatu miguuni na funguo mbele yangu, nikamsubiri Shangazi Esperansi aamke aje anisindikize.